MAARIFA YA NYUMBANI: Kibodi ya Simu Ikikataa Kutokea



Juma hili ukurasa wetu unaweka kando mapishi na ushonaji, ili tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi hukaa jikoni karibu na chumvi na kiberiti, yaani simu ya kioo. Mtu hugusa mahali pa kuandikia, akitarajia herufi zipande kutoka chini ya kioo kama ilivyo desturi yake, nazo hazipandi. Hugusa tena, hugusa kwa nguvu zaidi, hubadili kidole; kioo chamtazama tu. Safu ile ya herufi na tarakimu, ambayo watu wengi huiita kibodi, imekataa kutokea.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya vijana na mafundi. La, hasha. Ni mambo ya nyumba, na sababu yake tutaiona sasa hivi. Tumeuchagua mji wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, uwe mfano wetu, kwa kuwa huko mambo matatu yamekutana: fedha zimeingia katika simu, lugha nyingi hukaa chini ya paa moja, na jua na vumbi havikihurumii chombo chochote. Aidha, Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Na hata kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika Juba pamoja na wafanya biashara wa Uganda na Kenya, na pamoja na wananchi waliorejea kutoka kambi za wakimbizi kama ile ya Kakuma. Yatakayomfaa mkazi wa Konyokonyo yatamfaa pia mkazi wa Kariakoo.

UFUNGUO WA SANDUKU

Chukua mfano wa mama auzaye chai chini ya mti, karibu na soko la Konyokonyo. Mwanawe yuko shuleni Torit, na karo yatakiwa. Zamani fedha hizo zingefungwa katika bahasha na kupewa dereva wa gari la abiria, zikafika au zisifike. Lakini mwaka 2019 huduma ya m-Gurush ilianza kuwawezesha wananchi kutuma fedha kwa simu, na jina lake lenyewe latoka katika Kiarabu cha Juba, ambamo gurush ni fedha. Baadaye kampuni ya MTN nayo ikaleta huduma yake ya MoMo. Basi mama huyu hufungua simu, huandika kiasi, na kufika penye kisanduku cha namba ya siri. Hapo kibodi yakataa kutokea.

Pembeni yake kuna kijana mchangamfu. “Lete mama, nikufanyie. Namba yako ni ipi?” Mama, kwa sababu foleni ya wateja yamngoja na chai yachemka, hutoa simu, kisha huitaja namba yake kwa sauti. Pengine kijana yule ni mwaminifu, na karo itafika salama. Lakini tangu saa hiyo ufunguo wa sanduku la mama umekwisha kuwa katika mikono miwili, na hana njia ya kujua siku ambayo mkono wa pili utautumia.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo. Kibodi kukataa kutokea ni hitilafu ndogo, ambayo mara nyingi mwenye simu aweza kuiondoa mwenyewe kwa dakika chache. Hasara kubwa haitoki katika hitilafu hiyo. Hutoka katika haraka ya kumkabidhi mtu mwingine simu pamoja na siri yake. Kwa hiyo yafaa kila mtu wa nyumba azijue hatua za kufuata, na azijue kwa mpango.

JAMVI LINALOKUNJWA

Kwanza tuelewe kibodi hii ni kitu gani. Herufi zilizopangwa kwa utaratibu wa Q, W, E, R, T, Y ni za zamani kuliko simu. Chanzo chake ni mashine ya kuandikia ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Katika mashine hiyo kila herufi ilikuwa kitufe cha kweli, kilichokuwapo usiku na mchana. Simu za mwanzo nazo zilikuwa na vitufe vya kweli. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa simu yake ya iPhone, ambayo iliondoa vitufe hivyo na kuvichora katika kioo. Na mwaka 2009 simu zitumiazo mfumo wa Android nazo zikapata kibodi ya kuchorwa.

Tangu hapo kibodi imekuwa kama jamvi: hukunjuliwa mgeni afikapo, na hukunjwa aondokapo. Yenyewe ni programu inayojitegemea, mbali na programu ile unayotaka kuandika ndani yake. Unapogusa kisanduku cha kuandikia, programu yenye kisanduku huuambia mfumo wa simu kwamba mwandishi amefika, mfumo huiita kibodi, kibodi hujikunjua. Kwa hiyo pana watu watatu katika kazi hii: mwenye kisanduku, mpelekaji wa habari, na mwenye jamvi. Jamvi lisipokunjuliwa, kazi yetu ni kujua ni nani kati ya hao watatu ambaye hakutimiza wajibu wake.

ANZA NA KIDOLE

Kabla ya kuilaumu simu, tazama mkono. Kioo cha simu nyingi za leo hakihisi uzito wa kidole. Huhisi badiliko dogo sana la umeme liletwalo na ngozi igusapo kioo. Ndiyo maana ukucha hausikiki, na kubonyeza kwa nguvu hakuongezi kitu. Maji, jasho na mafuta huvuruga hisia hiyo. Mama aliyetoka kukoroga asida au kutandaza kisra, akiwa na unga mbichi vidoleni, atagusa mara kumi bila kusikilizwa. Basi nawa mikono, ikaushe vizuri, kisha pangusa kioo kwa kitambaa laini kisicho na vumbi. Ikiwa kuna plastiki ya kukinga kioo iliyoinuka pembeni na kukusanya mchanga chini yake, iondoe ujaribu tena. Simu iliyoachwa juani hadi ikawa ya moto iwekwe kivulini ipoe yenyewe. Usiitie katika jokofu wala usiifunike kwa kitambaa cha maji, kwa maana unyevu utaingia ndani na kuzaa ugonjwa mwingine.

Ukiwa na shaka kwamba sehemu ya kioo imekufa, jaribu kukokota picha ndogo ya programu yoyote kutoka juu hadi chini. Ikiwa yakwama mahali pamoja kila mara, basi kioo chenyewe kina kasoro, na hiyo ni kazi ya fundi.

KISHA KISANDUKU

Kisanduku kilichopokea mguso huonyesha kijistari kilichosimama, kinachowaka na kuzimika. Kijistari hicho ni kama taa mlangoni: chasema kwamba mwenye nyumba amesikia hodi. Kijistari kikiwapo lakini kibodi haipo, hitilafu iko upande wa jamvi. Kijistari kisipokuwapo, hodi haikusikika, na huenda kisanduku chenyewe hakijafunguliwa. Visanduku vingine huwa na rangi ya kijivu hadi mtu achague jambo lililotangulia, kwa mfano jina la mtandao au aina ya malipo. Panda juu ya ukurasa, utazame kama kuna swali ulilolipita bila kulijibu.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote, na haigharimu kitu: jaribu mahali pengine. Toka katika programu ya fedha, fungua mahali pa kuandikia ujumbe wa kawaida, na uguse kisanduku cha huko. Kibodi ikitokea huko, basi jamvi ni zima, na mwenye kosa ni ile programu ya kwanza. Isipotokea popote, basi kosa ni la kibodi au la mfumo wa simu. Kwa jaribio hili moja umekwisha kuigawa shida katika mafungu mawili, na hutapoteza siku nzima ukitibu jicho ilhali linaloumwa ni sikio.

KOSA LIKIWA LA PROGRAMU

Ifunge programu hiyo kabisa, si kuiacha nyuma ya nyingine, kisha uifungue upya. Igeuze simu ilale upande, halafu uirudishe wima. Mara nyingine ukurasa ukichorwa upya kisanduku hupata fahamu. Tazama dukani mwa programu kama kuna toleo jipya, kwa kuwa watengenezaji hurekebisha makosa ya namna hii kila mara. Haya yote yasipofaa, ingia katika mipangilio ya simu, ambayo alama yake huwa ni gurudumu lenye meno, utafute jina la programu, na ufute kumbukumbu yake ya muda. Lakini soma vizuri kabla ya kugusa: kufuta kumbukumbu ya muda ni jambo jepesi, bali kufuta data zote kutaiacha programu kama ilivyokuwa siku ilipowekwa, nawe utatakiwa kujitambulisha upya.

Yafaa ieleweke pia kwamba programu nyingine za fedha hazitumii kibodi ya simu penye namba ya siri. Huchora tarakimu zake zenyewe, na mara nyingine huzichanganya mpangilio ili mtu anayechungulia begani asiweze kukisia. Vile vile simu za iPhone, zinapofika penye neno la siri, huiondoa kibodi iliyoongezwa kutoka nje na kuleta ile ya asili. Kwa hiyo ukiona sura ya kibodi imebadilika penye siri, usishituke. Huo ni ulinzi.

KOSA LIKIWA LA KIBODI

Ikiwa kibodi haitokei popote, dawa ya kwanza ni kuizima simu na kuiwasha tena. Kabla ya kuizima, hakikisha unaikumbuka namba ya kuifungulia, kwa maana simu iliyotoka kuzimwa huitaka namba hiyo hata kama kila siku hufunguliwa kwa alama ya kidole.

Hali ikibaki vile vile, fungua mipangilio, utafute sehemu ya lugha na uandishi. Katika simu nyingi imo ndani ya sehemu ya mfumo. Hapo utakuta orodha ya kibodi zilizomo. Angalia mambo mawili. Je, kuna kibodi hata moja iliyowashwa? Na je, kuna iliyochaguliwa kuwa ya kutumika? Mara nyingi mtoto huweka kibodi ya mapambo yenye maua na vikaragosi, kisha akaifuta alipoichoka, na simu ikabaki bila jamvi la kukunjua. Rudisha ile iliyokuja na simu.

Jambo jingine linalowasumbua wengi ni kibodi ya nje. Simu ikiunganishwa na kibodi ya vitufe vya kweli, kwa waya au kwa Bluetooth, huona kwamba hakuna haja ya kuchora nyingine, hivyo huificha ya kioo. Mtu aliyeazima kibodi ya ofisini jana aweza kushangaa leo, akiwa karibu nayo bila kujua kwamba bado imeunganishwa. Zima Bluetooth, chomoa kila waya, kisha ujaribu.

Tena tazama pembe za kioo. Ziko kibodi zinazoweza kupunguzwa zikawa ndogo, au kuachwa zielee mahali popote. Huenda yako imejibanza pembeni wakati wewe waitafuta chini. Mwisho, angalia nafasi iliyobaki katika simu. Simu iliyojaa picha na video hadi pomoni hukosa mahali pa kufanyia kazi, na kibodi hufunguka kwa shida au huanguka mara ifunguliwapo. Futa yasiyo na kazi.

IMETOKEA, LAKINI SI YAKO

Sasa tufike katika shida ambayo nyumba za Juba zaijua kuliko za miji mingi. Kibodi imetokea, lakini herufi zake ni za Kiarabu, nawe wataka za Kilatini. Au kinyume chake. Katika nyumba moja baba aweza kuwa amesoma shule za Khartoum kwa Kiarabu, mama amesoma Uganda kwa Kiingereza, na watoto wazungumza Kiarabu cha Juba, ambacho vijana wengi hukiandika kwa herufi za Kilatini. Simu moja ikipita mikononi mwa wote hao, kila mmoja huiacha katika lugha yake. Dawa yake ni kugusa kitufe chenye picha ya dunia, au kubonyeza kwa muda kile kirefu cha kuachia nafasi, ndipo lugha zilizomo zitaonekana nawe utachagua.

Jihadhari hasa na tarakimu. Kibodi ya Kiarabu yaweza kuandika tarakimu zile ambazo sifuri yake ni nukta na tano yake yafanana na duara. Programu nyingine huzipokea, nyingine huzikataa. Mtu huandika namba yake sahihi, huambiwa amekosea, huandika tena. Na akikosea mara chache mfululizo akaunti hufungwa. Basi kabla ya kuandika siri, hakikisha kwanza kibodi iko katika lugha gani.

Pana jambo la historia hapa linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1928, huko Rejaf, kando ya Mto Nile karibu na Juba, ulifanyika mkutano wa kuamua lugha gani za Sudan ya Kusini zitumike mashuleni, na ziandikwe vipi kwa herufi za Kilatini. Katika maandishi ya Kidinka na Kinuer, kwa mfano, zimo herufi kama ŋ, ɛ na ɔ. Sauti ambayo sisi huiandika ng' katika neno ng'ombe, wao huiandika kwa ŋ moja. Lakini kibodi ya Kiingereza iliyokuja na simu haizionyeshi herufi hizo. Wengi hudhani simu imeharibika, kumbe imekosa tu kibodi ya lugha yao. Jaribu kwanza kubonyeza kwa muda n, e au o, utazame kama ndugu zake watachomoza. Wasipochomoza, rudi katika orodha ya lugha utafute yako. Na zipo pia programu kama Keyman, ya shirika la SIL, yenye kibodi za lugha nyingi za Afrika. Mtu asikubali kuandika e mahali pa ɛ kwa uvivu wa kutafuta, kwa kuwa katika lugha hizo hizo ni sauti mbili, na neno laweza kupata maana nyingine.

TAHADHARI

Tumesema kwamba waweza kuongeza kibodi. Lakini si kila kibodi ni ya kuaminiwa. Kibodi huona kila herufi uandikayo, pamoja na namba zako za siri. Ndiyo maana simu za Android hutoa onyo mtu awashapo kibodi mpya. Usipokee kibodi iliyotumwa na mtu usiyemjua. Chukua katika duka rasmi la programu, na uangalie mwenye kuitengeneza ni nani.

Ukiwa huna budi kwenda kwa fundi, toa laini yako kwanza, ubaki nayo. Mpe fundi simu, usimpe namba ya siri ya fedha. Haihitaji katika kazi yake. Wakala wa haki naye hakuulizi namba hiyo. Hukugeuzia kioo uiandike mwenyewe, kisha hutazama pengine. Na ikiwa umekwisha kuitaja kwa mtu, usikae ukijilaumu. Ibadili leo hii kabla jua halijatua.

Mwisho, tunawashauri wazazi wayafanye mambo haya kuwa somo la nyumba. Huko Juba liko shirika la Go Girls ICT Initiative, ambalo huwafundisha wasichana ujuzi wa kompyuta. Na katika nyumba nyingi binti wa shule ndiye anayeijua simu kuliko wote. Binti wa namna hiyo na asiwe mwandishi wa siri za wakubwa, bali awe mwalimu wao. Bibi, ambaye watu wa Juba humwita haboba, akimwambia mjukuu, “Niandikie,” mjukuu na ajibu kwa adabu, “Haboba, kaa hapa, uandike wewe, mimi nitakuongoza.” Siku ya kwanza itachukua nusu saa. Siku ya tano haboba ataandika peke yake, na namba yake itabaki kifuani mwake.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini uliza njia, usitoe ufunguo. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya betri ya simu wakati wa joto kali, na namna ya kuitunza katika nyumba isiyo na umeme wa uhakika.